Kiapo cha Maziwa

Mama mwenzangu uliye na mtoto anayesoma mambo ambayo huwezi kuyashika mkononi, wewe ndiye ninayekuandikia. Kabla hujamwapisha mtoto juu ya kazi yake, nenda kwanza uone kazi yenyewe inafanywaje. Mimi nilitanguliza kiapo, nikaweka kuona nyuma, na nusura Chloé wangu apoteze shule yake yote kwa sababu ya maziwa. Maziwa haya haya ya dukani. Nitaeleza, ingawa mengine mpaka leo sijayaelewa, na nikifika hapo nitasema sijaelewa.

Tunakaa Bellevue, huku Joni, kwenye moja ya zile nyumba kubwa za zamani zilizogawanywa vyumba. Sisi tuna chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, na hapo dirishani nimeweka cherehani. Nashona sare za kwaya, nguo za harusi, na kubadilisha zipu za watu wasiojua kusema asante. Baba yake Chloé, Théodore, alifariki tukiwa bado kwetu Likasi, kwa hiyo tumebaki sisi wawili. Mwaka huo, 2017, Chloé alikuwa anamalizia digrii yake ya pili chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kupika vitu vinavyotoa mwanga.

Nasema kupika kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyonieleza.

"Nachemsha mafuta kwenye chupa, Mama, yanakuwa ya moto kuliko yale unayokaangia mikate. Halafu natia dawa nyingine kwa sindano, mara moja, pwaa. Hapo zinazaliwa fuwele."

"Ndogo kama chumvi?"

"Chumvi ni mlima mbele yake. Huwezi kuziona."

"Sasa unajuaje kama zimezaliwa?"

"Kwa rangi. Zikiwa changa zinawaka kijani. Zikiendelea kukaa motoni zinakua, zinakuwa njano, halafu chungwa, halafu nyekundu. Kazi yangu ni kusimama pale, nizitoe rangi ninayoitaka inapofika. Ukizubaa imepita."

"Rangi unatia lini?"

"Sitii rangi. Ni kitu kilekile. Kinachobadilika ni ukubwa tu."

Hapo mimi nilipotea. Kitambaa chekundu ukikikata mita tatu, ukikikata kipande cha kufunika kifungo, ni chekundu. Nikamwambia hivyo. Akacheka mpaka akashika meza, akasema niende nikamwambie profesa wake, atanipenda. Halafu akaendelea. Anazimwaga zile fuwele juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi, zinatandaa, zinabaki utando mwembamba kabisa, halafu wanaunganisha umeme waone kama utando utatoa mwanga. Siku moja, alisema, vioo vya simu na televisheni vitatengenezwa hivyo, na mashine za hospitali za kuona ndani ya mwili.

"Kwa hiyo huo utando unapitisha umeme."

"Nusunusu. Kuna wakati unapitisha, kuna wakati unakataa."

"Unakataa? Una akili?"

"Mama."

Basi nikaacha. Ilinitosha kwamba mtoto wangu anaamka asubuhi na kwenda mahali wanapolijua jina lake.

Jumapili moja, baada ya ibada, Frère Cyriaque, ndugu yetu wa kanisani, alikuja kupimwa koti la kwaya. Ni Mrundi, analinda geti la maghorofa kule Rosettenville, anaimba besi, na swali likimjia mdomoni hawezi kulimeza. Nikiwa nampima mabega akamuuliza Chloé hizo fuwele anazipika kwa kitu gani. Chloé akajibu bila kuinua macho kwenye kompyuta yake: kadmiamu, seleni, mafuta. Frère Cyriaque akatoa simu kwa mkono ule niliokuwa sijaupima.

"Mama Chloé," akasema, "hii kadmiamu ni sumu. Imeandikwa hapa. Inakaa kwenye figo miaka na miaka. Inalegeza mifupa."

"Frère, ukitafuta chumvi kwenye hiyo simu, nayo itakuambia inaua," Chloé akasema.

"Chumvi haichorwi fuvu la kichwa."

"Tunavaa glavu. Tunapika ndani ya kabati la kioo lenye feni, moshi wote unavutwa nje. Mimi siigusi."

"Na pua?"

"Umekuja kupimwa koti au kunipima mimi?"

Akacheka, akasema sharp, kama wanavyoaga huku, akaenda zake kama mtu ambaye hakuacha kitu. Lakini aliacha. Wiki nzima nilikuwa nakanyaga pedali ya cherehani na neno sumu linakwenda na sindano.

Sasa lazima niseme habari za Théodore, la sivyo utaniona mwehu. Théodore alifanya kazi kiwanda cha shaba, kwenye jumba la asidi. Kila zamu ilipoingia, getini, kila mwanamume alipewa pakiti ya maziwa. Kwetu jambo hilo halina mjadala: maziwa yanakamata sumu tumboni na kuitoa. Wachomeleaji wanajua, wapiga rangi wanajua, watu wa betri wanajua. Hata huku Joni, nenda Jeppestown mchana uwaangalie wale wanaopuliza rangi magari, uone wananunua nini kwenye viduka vya spaza. Théodore hakuyanywa ya kwake. Aliyatia ndani ya koti la kazi akayaleta nyumbani, kwa sababu Chloé alikuwa mdogo na mimi kifua changu kilikauka mapema. Alikuwa akifika tu mlangoni anaitoa pakiti, anaikata pembe kwa meno, anampa mtoto.

Alipoanza kukohoa, watu walisema vumbi. Alipofariki, mimi nilisema maziwa. Wenzake waliokunywa ya kwao, baadhi wapo Likasi mpaka leo, wanazeeka, wanalalamika magoti. Kwangu ilikuwa imenyooka kama mshono: aliyekunywa yupo, asiyekunywa hayupo. Chloé sikuwahi kumwambia maziwa yale yalikuwa ya nani. Mtoto utamwambiaje kitu kama hicho.

Asubuhi moja Chloé alikuwa anafunga viatu. Nikamwambia akae.

"Nimechelewa, Mama."

"Kaa. Apa kwa jina la baba yako kwamba kila utakapopika hiyo kadmiamu utakunywa maziwa. Kabla ya kuipika, na ukimaliza, hapohapo, kabla hujafanya kitu kingine."

Akaniangalia sana. Upande wetu, kwa mama yangu, humtaji marehemu hivihivi. Ukishaapa kwa jina lake umefungwa, na anayeweza kukufungua ni yule tu aliyekuapisha. Chloé amezaliwa kule lakini amekulia hapa, Kiswahili chake kina Kiingereza ndani, Kizulu ndani, lakini hilo analijua.

"Mama, kule labo hatunywi hata maji. Ni sheria."

"Ndiyo maana wanaugua."

"Nani anaugua?"

Sikuwa na jina la kutaja. Nikasema, "Apa."

Akaapa. Na Chloé ni mtoto ambaye tangu akiwa mdogo hajui kudanganya. Ukimtuma chumvi ikakosekana, anarudi na pesa yako yote na maelezo. Ningekuwa na mtoto mwongo, ningekuwa sina cha kuandika hapa.

Mimi nami sikuishia kwenye kiapo. Alikuwa ameniletea koti lake jeupe la maabara nimshonee mkono uliochanika. Nikaushona mkono, halafu ndani, upande wa kushoto, nikaongeza mfuko. Nilipima kile kipakiti kidogo cha maziwa chenye mrija, nikakata kitambaa cheupe kilekile, nikashona mara mbili, nikapiga pasi mpaka mfuko ukalala. Ukilitazama koti kwa nje huoni kitu. Niliona nimefanya kazi safi. Nilimwonyesha Chloé, akaushika ule mfuko, akautazama, akalikunja koti. Mimi nikadhani amefurahi.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Kila asubuhi anaondoka na vipakiti vyake, jioni anarudi hana hata kimoja, na mimi nalala.

Halafu siku moja akarudi mchana, wakati ambao huwa harudi. Akakaa kwenye benchi la wateja. Kulikuwa na mteja mmoja pembeni yake, mama wa Kitanzania anayesubiri gauni, na Chloé hata hakumwamkia, ndipo nikajua kuna jambo. Nikampa yule mama gauni lake na pindo halijaisha, nikamwambia arudi kesho.

"Wamefunga kadi yangu," Chloé akasema. "Mlango wa labo haunifungukii tena."

Nitakuambia kama alivyoniambia. Chupa ilikuwa motoni. Rangi ikafika, akachota alichotaka, akavua glavu. Kiapo kinasema ukimaliza unywe hapohapo. Sheria ya kule inasema mtu haachi chupa ya moto peke yake, hata dakika. Kwa hiyo hakuweza kutoka nje kwenda kunywa, na hakuweza kungoja. Amekuwa akifanya hivyohivyo siku zote: anageukia ukuta, anakunywa haraka, anaficha pakiti. Siku hiyo mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Moodley, ambaye kazi yake ni usalama wa maabara zote za jengo lile. Akamkuta na mrija mdomoni.

"Alikupigia kelele?"

"Angepiga ingekuwa afadhali. Alizima moto, akaniambia nivue koti. Nilipolitundika, pakiti ya pili ikaanguka kutoka ndani."

"Kutoka kwenye mfuko."

"Mfuko ndio ulionimaliza, Mama. Alisema mtu anayekunywa siku moja amesahau sheria. Aliyeshonewa mfuko amepanga kuivunja."

Nikasema amwambie mfuko nimeushona mimi.

"Nimemwambia. Akasema mama yako si mwanafunzi wetu."

Halafu akanieleza lililokuwa baya zaidi. Utando wake wa mwisho ulitakiwa uwe tayari kabla mwezi haujaisha, kwa sababu kuna mashine ya kuupimia ambayo watu wanapanga foleni kuitumia, na zamu yake ilikuwa imefika. Bila vipimo hivyo hawezi kuandika sura ya mwisho ya tasnifu yake. Bila sura ya mwisho hamalizi mwaka huo, na ufadhili wake ulikuwa unaishia mwaka huo. Hakuna mwaka mwingine. Alisema hayo yote kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma tangazo, na mimi nilitamani alie ili nijue pa kushika.

Frère Cyriaque alipopita kuchukua koti lake la kwaya, nikamwambia kesho naenda chuoni. Sikumlaumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyejilaumu kidogo, halafu akaanza kunishauri.

"Usiende na maneno mengi, Mama Chloé. Sisi watu wa usalama tunapenda mtu anayejibu alichoulizwa."

"Wewe unalinda geti, frère."

"Geti nalo lina sheria zake. Na usimwambie kwamba Mungu atamlipa. Mimi huwa wananiambia hivyo kila siku, sijawahi kufungua geti kwa hilo."

Kesho yake nilivaa kitenge changu cha ibada, tukaenda. Mlangoni kuna vyuma vinavyozunguka, vinataka kadi. Chloé alikuwa anavipita kila siku bila kuvitazama, leo akasimama upande wangu, upande wa wageni, tukabandikwa karatasi kifuani wote wawili. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Ndani kunanukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kupitia kioo cha mlango mmoja niliona vijana wamevaa miwani mikubwa, wamesimama mbele ya kabati la kioo, hakuna anayezungumza. Mezani hakuna hata kikombe.

Bwana Moodley ni mtu mwembamba, miwani yake imening'inia kwa uzi shingoni. Ofisi yake ina helmeti, vizibao vya njano, birika la umeme, na mti kwenye chungu pembeni. Alinisalimia, akaniita Ma, kama wanavyoita huku, akanivutia kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na kiti kile kilinichanganya.

Akauliza jambo moja tu. "Kwa nini maziwa?"

Nikakumbuka ushauri wa Frère Cyriaque, nikajibu nilichoulizwa. Nilisema kwa Kiswahili, Chloé akatafsiri. Nilisema kuhusu kiwanda, jumba la asidi, pakiti za getini. Nikasema baba yake hakuyanywa. Nikasema aliyaleta nyumbani, ndani ya koti, akampa mtoto. Hapo tafsiri ikakatika.

"Yale ya pakiti ya bluu?" Chloé akaniuliza.

"Ndiyo."

"Nayakumbuka. Yalikuwa ya Baba?"

"Yalikuwa ya kumlinda kazini."

Bwana Moodley akangoja. Hakuuliza tumesema nini. Chloé alitazama ule mti wa pembeni, halafu akatafsiri yote, polepole, na neno la mwisho akalirudia kwa sababu halikutoka vizuri mara ya kwanza.

"Eish, Ma," Bwana Moodley akasema. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, mengi nilielewa mwenyewe. Alisema mjomba wake alifanya kazi ya betri, Durban, kwenye madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Na wao walipewa maziwa. Mjomba wake aliyanywa kila siku bila kukosa, palepale kwenye meza ya kazi, akiipasua pakiti kwa meno, vidole vimejaa vumbi la risasi. "Alikufa nikiwa shuleni. Maziwa hayakamati kitu, Ma. Waliwapa maziwa kwa sababu ni rahisi kuliko kuweka feni. Na kule kunywa hapohapo kazini ndiko kulikoiingiza sumu tumboni."

Nikamwambia Chloé amuulize: na yule ambaye hakunywa?

"Yule aliivuta kwa pumzi. Maziwa hayaendi kunakoenda pumzi. Angekunywa au asinywe."

Sasa hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, na sijatoka bado. Kama aliyekunywa alikufa, na asiyekunywa alikufa, wale wanaozeeka Likasi wamelindwa na nini? Na miaka yote hiyo mimi nilikuwa namwonea huruma Théodore kwa maziwa, au namkasirikia, hata sijui, na kumbe maziwa hayakuwemo katika jambo hilo. Halafu wazo lingine likaja lenyewe, sikulialika. Mikono ya Théodore. Koti lile. Meno yake yakikata ile pembe, na mdomo wa mtoto ukifuata palepale.

"Na mtoto aliyeyanywa?" nikasema.

Chloé hakutafsiri. Nikalisema mwenyewe kwa Kiingereza changu, vibaya, lakini nililisema.

Bwana Moodley akamtazama Chloé, akanitazama mimi. "Sijui, Ma," akasema. "Kusema kweli sijui. Ana afya?"

"Anaumwa kichwa akisoma sana."

"Na mimi pia." Halafu akasema kliniki ya chuo inaweza kumpima mkojo na damu, na kwamba kila anayepika kadmiamu anatakiwa kupimwa, na angehakikisha anapimwa. Ila vipimo hivyo, alisema, vitaonyesha yaliyomo leo. Havisemi ya zamani yalitoka wapi.

Halafu akamgeukia Chloé, akawa mtu wa kazi tena. Alisema yeye hataki barua wala machozi. Atamrudisha kwenye mafunzo ya usalama tangu mwanzo, na mfuko ule ufumuliwe. Lakini kwanza anataka kusikia kutoka mdomoni mwake kwamba ndani ya chumba kile hatatia kitu kinywani tena. Akisema hivyo, kadi inafunguliwa leo.

Chloé akaanza kubandua pembe ya ile karatasi ya mgeni kifuani.

Bwana Moodley akamuuliza tena, kwa upole.

"Siwezi kusema bado," Chloé akajibu.

Yule bwana akashangaa. Alisema watu kwa kawaida huahidi kabla hajamaliza kuuliza. Chloé alinigeukia mimi.

"Mama, nifungue."

Utaniambia ni jambo dogo, ni kusema neno tu. Kaa wewe kwenye kile kiti. Nikimfungua, halafu akaugua, ni mimi niliyeondoa kinga yake. Nisipomfungua, anatoka mlango ule na karatasi ya mgeni kifuani, miaka yote imekwisha, na ni mimi pia. Na hicho nilichokuwa nakiita kinga nimeambiwa sasa hivi ndicho mlango wa sumu, na anayeniambia ni mtu nisiyemjua, ambaye hata hivyo ana mjomba. Nani aulizwe? Théodore hayupo. Nilitamani mtu anipe mahali pa kushika, nikamuuliza Bwana Moodley yeye anakunywa nini kabla ya kuingia kule.

"Hakuna kitu. Nanawa mikono."

"Na ukitoka?"

"Nanawa mikono. Nakuja hapa, nakunywa chai."

"Chai ya rangi?"

"Ya maziwa, Ma," akasema, na akaona alichokisema, akafuta miwani yake.

Sikujua kama nicheke. Chloé ndiye aliyecheka, kidogo tu, kwa pua, na kicheko hicho ni cha baba yake kabisa, alikuwa anacheka kwa pua hivyohivyo mambo yakiwa mabaya. Nikaomba maji.

Kiapo chetu kinafunguliwa kwa maji. Unashika maji, unamtaja marehemu, unachukua funda, unatema chini karibu na miguu ya uliyemfunga. Lakini pale chini kulikuwa na zulia, na mimi ni mtu niliyelelewa. Nikamwambia Chloé asogee kule pembeni. Akasimama karibu na mti. Nikashika glasi ya maji ya Bwana Moodley, nikamwita Théodore kwa majina yake yote, nikasema, "Nilimfunga mtoto wako kwa jambo nililolijua nusu. Namfungua. Likija baya lisimfuate yeye." Nikachukua funda, nikatema kwenye chungu cha mti.

Bwana Moodley alitazama mti wake. Akamuuliza Chloé kama mama ameweka kitu kwenye maji. Chloé akamwambia hapana, ni maji yako mwenyewe, mama ameniachilia ahadi. Akakubali kwa kichwa kama mtu anayeyajua mambo ya familia za watu. Ndipo Chloé akasema lile alilotakiwa kusema, maneno yote, akiwa amesimama wima, na Bwana Moodley akapiga simu palepale.

Tulipofika kwenye vile vyuma vya kutokea, kadi yake ilifungua. Alitoka, akarudi ndani, akatoka tena, kuhakikisha tu.

Alimaliza. Muda uliobaki ulikuwa mwembamba kama uzi, utando mmoja ulipasuka, mwingine ukakataa kutoa mwanga, lakini wa mwisho ulikubali na mashine ikaupima siku yake haijapita. Kuhusu kliniki, majibu yalirudi. Nikamuuliza Chloé yanasemaje.

"Kadmiamu ipo kidogo, Mama. Chini ya kiwango."

"Kidogo ni kidogo, au hakuna?"

"Kidogo. Kama kila mtu."

"Kila mtu anayo?"

"Kila mtu. Inatoka kwenye vyakula, kwenye udongo, kwenye moshi wa sigara."

"Na risasi? Na shaba ya kule kwetu?"

"Vipimo vya leo ni vizuri."

"Sikuulizi ya leo."

Akaweka karatasi mezani. "Ya wakati ule hayajulikani, Mama. Hakuna atakayejua."

Basi hivyo ndivyo tulivyo. Mtoto ni mzima, na mimi sijui ni kwa sababu ya yale maziwa au licha ya hayo. Nimewauliza wamama wa kanisani, kila mmoja ana jibu lake na hakuna mawili yanayofanana. Frère Cyriaque anasema tusitafute tena kwenye simu. Ninachokijua ni hiki kimoja, nacho ndicho nilichokaa kukuandikia: woga wako ni wako. Ukimfunga mtoto nao, atakwenda nao mahali ambapo wewe huingii, na huko kuna sheria, na atalazimika kuchagua kati yako na hizo, peke yake, amegeukia ukuta. Wa kwangu alinichagua mimi, na hilo ndilo lililotaka kumwangamiza.

Siku hizi anafundisha wanafunzi wapya kwenye labo ileile. Juzi alikuja na msichana mmoja kutoka Limpopo, mama yake amempa dawa ya mizizi ya kutafuna akiwa kazini. Chloé alimleta chumbani kwangu, akamkalisha kwenye benchi la wateja, akasema, "Ongea na mama yangu kwanza." Yule binti akaniuliza kama mama yake amekosea. Nikamwambia sijui. Nikamwomba namba ya simu ya mama yake.